Wimbo una kufuli, pikipiki haina: Karagwe na Kyerwa tuambiane ukweli

Leo sina umbea wa nani kaachana na nani. Nina mambo mawili ambayo ukiyatazama harakaharaka hayana undugu: kufuli za kwenye nyimbo na muvi, na namna tunavyoendesha vyombo vya moto. Nivumilie kidogo, utaona ni ndugu wa tumbo moja.

Tuanze na staa. Jina kapuni, kwanza wako wengi tu. Yuko nyuma ya usukani, simu kaibandika kwenye dashibodi au mbaya zaidi kaishika mkononi, yuko laivu. Anasoma komenti za mashabiki, anaimba wimbo wake mpya, gari linakata upepo. Sisi huku tunamwaga makopakopa. Siku wimbo huohuo ukivuja kabla ya tarehe, staa anakuja kwenye ukurasa wake kanuna, anatuhubiria tuheshimu jasho la watu. Sawa bosi, jasho lako tutaliheshimu. Ila sisi tuliokuwa tunavuka barabara siku ile ukiwa laivu, wewe ulituheshimu?

Hapo ndipo hoja yangu inapoanzia. Dunia ya kidijitali imetufungia kwa kufuli kali mahali ambapo hasara yake ni shilingi, halafu barabarani, ambako hasara ni roho ya mtu, tumeachiwa uhuru wote. Na sisi hasira zetu tumezigawa kinyume. Wimbo ukikataa kucheza tunachafukwa siku nzima. Bodaboda akipita na mshikaki wa watu watatu kwenye kona, tunacheka na kurekodi video.

Umelipa, lakini si chako

Kwanza niwe upande wenu kwenye hili la kufuli, maana malalamiko yana msingi.

Mambo yako hivi. Wimbo unaoushusha kwenye programu za muziki za kulipia haukai kwenye simu yako kama faili la kawaida. Umefichwa kwa msimbo, na ufunguo anao mwenye programu. Ukijaribu kuuhamishia kwenye flashi unapata kitu kisichochezeka. Chukua Spotify, iliyofungua milango Tanzania mwaka 2021. Nyimbo ulizoshusha zinakutaka uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, la sivyo zinagoma. Ukiacha kulipia kifurushi, hata zile ulizoshusha kwa bando lako mwenyewe huwezi kuzisikiliza tena bila mtandao.

Kwa mtu wa Masaki mwenye waifai nyumbani na ofisini, hilo si tatizo. Sasa njoo Kyerwa. Kuna vilima ambavyo ukishuka bondeni tu, mtandao unakuaga. Ukisogea mto Kagera upande wa Murongo, simu inadaka mnara wa Uganda bila kukuomba ruhusa, na ukijisahau salio linanyonywa kwa bei ya ugenini. Mtu wa namna hii ukimwambia aingie mtandaoni kuthibitisha kwamba kweli alilipia wimbo, unamdhihaki.

Wakati huohuo, nenda kwenye kibanda chochote cha kuingiza nyimbo, pale sokoni au stendi. Dogo yuko na kompyuta yake na spika moja inayopiga kelele. Unampa flashi, anakujazia bongo fleva, singeli, ngoma za Uganda, kwaya za mama na muvi zilizotafsiriwa. Hakuna kufuli. Inapiga kwenye pikipiki, inapiga kwenye gari, inapiga hata kwenye kiredio cha bibi kule migombani. Wewe mwaminifu uliyelipia una mzigo unaogoma. Jirani yako ambaye hajampa msanii hata mia ana mzigo unaopiga popote. Niambie, nani kafundishwa kuwa mwaminifu hapo?

Watu wa kahawa mtanielewa nikiwaambia hii ni butura. Kwenye butura mkulima anapokea hela kidogo kahawa ikiwa bado mtini. Mti uko shambani kwake, anaupalilia yeye, lakini kahawa ni ya mtu mwingine. Na wewe ndiyo hivyohivyo. Simu ni yako, bando ni lako, chaji unalipia wewe, lakini wimbo uliomo ndani una mwenyewe, na siku akitaka anauchukua.

Na anaweza kweli kuuchukua. Mwaka 2009 kampuni ya Amazon iliingia kwenye vifaa vya kusomea vya wateja wake na kufuta vitabu ambavyo watu walishavinunua, eti aliyeviweka sokoni hakuwa na haki navyo. Walirudishiwa hela, lakini fikiria muuza duka anaingia sebuleni kwako usiku, anachukua kitabu na kukuachia noti mezani. Kabla ya hapo, mwaka 2005, Sony BMG waliuza sidii za muziki zilizokuwa zinajiwekea programu ya siri kwenye kompyuta ya mnunuzi ili asinakili. Programu ile ikafungua mwanya wa virusi, kesi zikaanza, na sidii zenyewe ikabidi ziondolewe sokoni. Walioumia ni walionunua. Aliyepata kopi ya mtaani hakuguswa.

Wenye magari nao wana kilio chao. Magari mengi tunayoendesha yametumika Japani kwanza. Redio inaongea Kijapani, na FM yake haifiki masafa ya juu ambako stesheni zetu nyingi zipo, mpaka ufungiwe kifaa cha kuhamisha masafa. Kuna nyingine zinataka kadi ya ramani ya Japani ndiyo ziwake. Kadi ikipotea, skrini inakuonyesha maandishi usiyoyajua na huwezi hata kusikiliza taarifa ya habari. Ukinakili kadi ya jirani haikubali, kwa sababu redio inakagua namba ya siri iliyoko kwenye kadi yenyewe. Na betri ikitolewa tu, zipo zinazodai kodi. Ramani ya Osaka, gari liko Nyakahanga! Ndiyo maana mafundi wa kufungua redio hawakosi kazi.

Kwa hiyo ukisema kufuli hizi zinakera, nakuunga mkono kwa mikono miwili. Mwaka huohuo wa 2009 Apple waliondoa kufuli kwenye nyimbo walizokuwa wanauza, na biashara ya muziki haikufa. Inawezekana.

Lakini msanii naye ana tumbo

Sasa msishangilie sana, maana upande wa pili upo. Sheria ya hakimiliki tunayo tangu 1999, na COSOTA ipo kwa ajili hiyo. Kazi ya mtu ni mali yake, iwe imefungwa kufuli au haijafungwa. Mlango usio na komeo haumaanishi ingia uchukue.

Kuna vijana wa huku kwetu wanaoimba, wengine wanachomekea Kinyambo ndani ya bongo fleva mpaka unasisimka. Dogo wa aina hiyo analipia studio kwa hela ya ndizi na vibarua. Wimbo unatoka, unajaa kwenye kila flashi kuanzia Kayanga hadi Kaisho. Mwenye kibanda anapata buku zake, mwenye bodaboda anapata abiria wanaopenda muziki, na mwenye baa anauza rubisi. Aliyeimba anapanda bodaboda hiyohiyo inayopiga wimbo wake na analipa nauli kama mimi na wewe.

Wengine watasema mbona wasanii wachanga wenyewe ndio wanaopeleka nyimbo kwenye vibanda zisambae? Kweli, wapo, na huo ni uamuzi wao. Wanatafuta jina ili waitwe kwenye shoo. Mtu akichagua kutoa bure, pokea na ushukuru. Asipochagua, mimi na wewe hatuna haki ya kumchagulia. Shida ni kwamba neno uhuru tunalitumia pale linapotufaa: uhuru wangu wa kunakili nautaka, uhuru wake wa kukataa siuoni.

Shikilia hapo, kwa sababu ugonjwa huohuo ndio tunaoupeleka barabarani.

Barabarani hakuna anayekuuliza neno la siri

Pikipiki haikuulizi leseni. Haihesabu watu uliowapakia. Haijui kama umetoka kwenye chupa. Ukiweka funguo ukapiga kiki, inaenda. Msimu wa kahawa ukifunguliwa na hela ikiingia mtaani, utaona pikipiki mpya zenye nailoni bado kwenye siti, na nyingi zinaendeshwa na vijana waliofundishana wenyewe jioni kwenye uwanja wa mpira. Wimbo wa dakika tatu una ulinzi kuliko chombo hiki.

Na barabara zetu mnazijua. Kona, miteremko, ukungu wa asubuhi, mvua ikinyesha ni utelezi mtupu. Pembeni kuna watoto wa shule, mama kajitwisha mkungu, mzee anasukuma baiskeli yenye magunia.

Tufanye hesabu ndogo ya darasa la saba. Ukiwa spidi 80 kwa saa, kila sekunde unakula mita 22. Ukishusha macho sekunde tatu tu kubadilisha wimbo au kusoma meseji, umetembea mita 66 ukiwa kipofu. Hiyo ni zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira. Hata ukishuka mpaka 50, spidi ambayo sheria inakuruhusu kwenye makazi ya watu, sekunde tatu ni kama mita 42. Mtoto anahitaji mita ngapi kuingia barabarani kufuata mpira?

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani zinaua takribani watu milioni 1.19 kila mwaka, na kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 29 ndizo zinazoongoza kwa kuua duniani. Miaka 5 hadi 29, yaani wewe unayesoma hapa na wadogo zako. Shirika hilohilo linasema helmeti nzuri iliyovaliwa vizuri, ikafungwa mkanda, inapunguza sana uwezekano wa kufa na wa kuumia kichwa. Helmeti iliyotundikwa kwenye kioo cha pikipiki ili umwonyeshe trafiki inalinda kioo.

Maisha yangu, uamuzi wangu?

Hii ndiyo kauli ninayotaka tuigombanie. Ukimwambia mtu apunguze mwendo, jibu ni hilo: maisha yangu, we inakuhusu nini?

Kwanza, sheria yenyewe haikubaliani na wewe. Ukitaka kuingiza chombo cha moto barabarani unalazimishwa kukata bima, na ile ya lazima ni ya mtu wa tatu. Tafakari hilo jina. Hulazimishwi kujikatia bima wewe. Unalazimishwa kwa ajili ya yule utakayemgonga. Waliotunga sheria walijua tangu mwanzo kwamba ukishika usukani, wa kwanza kufikiriwa si wewe.

Pili, tuangalie anayelipa. Ajali ikitokea Kyerwa na kichwa kikaumia vibaya, unaweza kupelekwa mpaka hospitali ya rufaa ya Bugando, Mwanza. Kuna gari, kuna mafuta, kuna ndugu wawili wa kuuguza, wanaokula na kulala huko. Hela inatoka wapi? Mara nyingi inatoka shambani. Kahawa ya mama inaingizwa butura ikiwa bado maua, kwa bei ambayo mnunuzi anapanga kwa sababu anajua una shida. Mwaka mzima wa jasho la mama unaondoka kwa sababu kijana hakutaka kupunguza gia kwenye kona. Mama hakuwa kwenye pikipiki. Hakuulizwa. Sasa huo uamuzi ulikuwa wako kivipi?

Huo ndio mzani wangu, na unapima mambo yote mawili. Uamuzi ni wako pale ambapo bili yake unailipa wewe. Ukinyoa kiduku, ukijichora tatuu, ukinywa chai bila sukari, bili ni yako, hakuna wa kukusemesha. Ukijaza flashi bila kumlipa msanii, bili anayo msanii. Ukikimbiza pikipiki na mshikaki, bili anayo abiria, mama, na mtoto aliyekuwa anavuka. Usiite uhuru kitu ambacho analipia mwingine.

Tusimtwike bodaboda peke yake

Najua kuna madereva wanasoma hapa na wameshaanza kununa. Tulia kaka, nakuja kwako kwa haki.

Kijana yuko kwenye mkataba. Kila jioni tajiri anataka hesabu yake, mvua inyeshe, jua liwake. Siku haijaenda vizuri, saa kumi na mbili jioni bado hesabu haijatimia, anatokea abiria na wenzake wawili. Hapo unaongea na tumbo, na tumbo lina watoto. Kwa hiyo tajiri mwenye pikipiki tano, jina kapuni, unayelala usingizi mnono, ujue spidi ya kijana wako unaiendesha wewe kwa simu ya saa moja usiku. Ulimnunulia helmeti mbili au ulinunua pikipiki tu?

Na abiria, usijifiche. Nani anasema ongeza moto nimechelewa? Nani anakataa helmeti eti itaharibu nywele au inanuka jasho? Nani anapanda wa tatu ili nauli igawanywe? Kwenye ile michomoko ya kwenda Nkwenda, nani anakubali kukaa siti moja na dereva, gia iko katikati ya magoti yake? Ni sisi. Dereva ana mikono kwenye usukani, ila mlango tunaufungua wenyewe.

Kufuli ipi ina haki?

Kuna mtu ataniuliza: kama unachukia kufuli za nyimbo, utasemaje kuhusu mabasi? LATRA walifunga mfumo wa kufuatilia mwenendo wa mabasi, ule wa VTS, na dereva akizidisha mwendo inajulikana. Ile nayo si kufuli?

Ni kufuli, na naiunga mkono. Tofauti ni moja. Kwenye basi, abiria walioko nyuma hawakuchagua spidi, na kufuli ile inawalinda wao dhidi ya uamuzi wa mtu mmoja. Kufuli ya wimbo inambana mtu ambaye ameshalipa, huku ambaye hakulipa anapeta na flashi yake. Moja inamlinda asiye na sauti, nyingine inamkaba mwaminifu.

Ila jifunzeni kitu kwenye hadithi ya mabasi. Vifaa vile havikuja kwa sababu serikali inapenda vyuma. Vilikuja baada ya watu wengi kuzikwa. Kwenye pikipiki hatujafika huko, bado tunaaminiwa kama watu wazima. Na mnaolia na kufuli za nyimbo mnajua tayari zinavyokera. Mkitaka zije na kwenye boda, endeleeni hivihivi.

Nini kifanyike

Wenye programu za muziki: mtu akinunua wimbo, mpe wimbo. Faili lake, lipige popote, hata kwenye redio ya bibi. Na uzeni kwa bei ya buku kwa simu, kwa sababu huku hatuna kadi za benki za kulipia kwa dola.

Wasanii na wenye vibanda: kaeni mezani. Kibanda cha kuingiza nyimbo ndilo duka la muziki la Kyerwa, hilo halibishaniwi. Badala ya kukimbizana, msanii apeleke kazi yake pale, kila ukiuzwa kuna kiasi kinaingia kwenye simu yake. Mimi nitalipa, na naamini wengi watalipa wakijua hela inamfika nani.

Mastaa: egesha gari ndipo uingie laivu. Hatutakimbia, tutakusubiri.

Madereva: abiria mmoja, helmeti mbili, simu mfukoni, orodha ya nyimbo ipange kabla ya kuwasha. Matajiri: siku ya mvua pokea hesabu pungufu, ni nafuu kuliko kuchangia msiba. Abiria: jifunze kusema punguza mwendo, au nishushe hapa. Kushuka ukatembea si aibu, waitu.

Haya, uwanja ni wenu hapo chini. Wewe mara ya mwisho kumwambia dereva apunguze mwendo ilikuwa lini, na alikujibuje? Na msanii gani wa huku kwetu upo tayari kumlipa buku wimbo wake ukae kwenye flashi yako kihalali? Mtajeni, apate jina.